Maisha ya Nabongo Mumia na Askari wa Serikali Katika Mji Wake

Mtu atokaye Petta, akapita Tororo, akavuka mpaka na kushika njia iendayo mashariki, haendi mbali sana kabla ya kuingia nchi ya Wanga na mji wa Mumias. Mji huo ni wa Waislamu tangu zamani, na jina lake ni jina la mtu. Waislamu wengi wa pande hizi za mpakani humjua Nabongo Mumia kwa sifa moja tu, ya kuwa alikuwa mtawala Mwislamu aliyeheshimiwa na Wazungu. Sifa hiyo ni kweli, ila haitoshi. Katika maisha yake mna jambo lingine linalostahili kutazamwa na kila jumuiya ya Waislamu inayokaa jirani na kituo cha polisi, nalo ni namna mji wake ulivyokaa na askari wa serikali, faida gani iliyopatikana, na ni nani aliyelipa gharama yake.

Mumia alizaliwa karibu na katikati ya karne ya 19. Baba yake alikuwa Nabongo Shiundu, wa ukoo wa Abashitsetse, ambao ndio wenye kurithi enzi ya Wawanga tangu kale. Shiundu alikaa Elureko, na watu wa misafara kutoka pwani, ambao hawakuliweza vizuri jina hilo, wakapaita Kwa Sundu. Mzungu Joseph Thomson alipofika hapo mwaka wa 1883 alikuta Shiundu amekwisha kufa na mwanawe Mumia ameshika ufalme.

Watu wa pwani walikuwa wametangulia. Msafara uliotoka Mombasa au Pangani, ukapita nchi kavu ya Wamasai na vilima vya Wanandi, ulifika Elureko ukiwa na njaa, na hapo ulikuta nafaka, kuku, mbuzi na mahali pa kulala bila hofu. Mbele yake kulikuwa na Wasamia, kisha Busoga na Buganda. Wafanya biashara hao walitaka pembe za ndovu. Walileta nguo, shanga, waya na bunduki. Wengine walioa, wakajenga, wakakaa kabisa, na adhana ikaanza kusikika katika mji ambao hapo kwanza haukuijua. Mumia mwenyewe akasilimu, na jamaa zake wengi wakamfuata. Hakuiacha kwa hiyo bangili ya shaba ya wazee wake wala kazi za Nabongo. Aliyashika yote mawili, na wala hakuonekana kutaabika kwa hilo.

Haifai kuficha kwamba bunduki za wageni wale zilitumika kwa vita vya Wawanga na jirani zao, na kwamba katika biashara ya siku hizo walichukuliwa watumwa pia. Dini njema ilifika kwa njia moja na mambo yasiyo mema, na jirani waliotekwa hawakuweza kutenga hili na lile.

Katika ukarimu, hata hivyo, Mumia hakubagua. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Waanglikana alipita Elureko, akaacha hapo sehemu kubwa ya msafara wake, akaenda mbele na watu wachache. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mifupa yake ilirudishwa ikahifadhiwa katika nchi ya Mumia, hata Askofu Tucker alipokuja kuichukua mwaka wa 1892 na kuizika Namirembe. Baadaye alikuja Frederick Jackson, mtu wa Kampuni ya Kiingereza, akapatana na Mumia na kumpa bendera. Mjerumani Carl Peters naye alipita mapema mwaka wa 1890, wakati Jackson hayupo kambini, akafungua barua zisizo zake na kukimbilia Buganda. Wote walikula chakula cha Mumia.

Hao walikuwa wapita njia. Askari walikuja kukaa.

Ili kuwaelewa askari hao yapasa kurudi nyuma kidogo na kuvuka kwenda Buganda. Walikuwa Wasudani, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli's, karibu na Ziwa Albert, mwaka wa 1891, akawaleta Uganda. Walikuwa Waislamu, na vizazi vyao ndio wajulikanao leo kwa jina la Wanubi. Serikali iliwahitaji, na papo hapo iliwaogopa. Mwaka wa 1893, ulipozuka ugomvi wa Waislamu wa Buganda juu ya ardhi na vyeo, Kapteni Macdonald alishuku kwamba mkubwa wa Wasudani, Selim Bey, ataungana nao. Akawanyang'anya silaha askari Wasudani, akamtoa Mwanamfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, ambaye alipelekwa Unguja. Selim Bey, mzee na mgonjwa, alisafirishwa kwenda pwani akafia njiani, Naivasha.

Tangu siku hizo hesabu ya serikali ikawa hiyo: Mwislamu aliye askari ni mtu wa kutegemewa, Mwislamu aliye raia ni mtu wa kuangaliwa, na wawili hao wakisalimiana kwa muda mrefu ni jambo la kuandikiwa barua. Hesabu hiyo haikuwa ya haki, lakini ilidumu.

Kwa Mumia mambo yalikwenda vingine. Uingereza ilipoitangaza Uganda kuwa chini ya himaya yake mwaka wa 1894, nchi ya Wanga ilihesabiwa upande wa Uganda, na kituo cha serikali kikawekwa Elureko ili kulinda njia ya misafara. Mwaka wa 1895 C. W. Hobley akashika kazi hapo, na nguvu yake ilikuwa ni Wasudani. Hapa kiongozi wa mji alikuwa Mwislamu, na askari Waislamu, na Mzungu mmoja au wawili katikati yao; wala serikali haikuona hatari, kwa kuwa Mumia alikwisha kuonyesha kwamba neno lake ni moja. Alitoa chakula na watu wa kuongoza njia, na vita vilipotokea alitoa wapiga mikuki. Naye alipata kitu alichokihitaji sana, kwa maana Wajaluo wa Ugenya walikuwa wakimbana kutoka kusini na Wabukusu walikuwa na nguvu kaskazini.

Ndipo likatokea jambo la Wabukusu. Bunduki za serikali zilikuwa zimeingia mikononi mwao, na kikosi kidogo cha Wasudani, wapatao ishirini na watano, kikatumwa kuzidai. Kikauawa. Katika mwaka wa 1895 Hobley alikwenda kulipiza akiwa na Wasudani, Waganda na Wawanga. Wabukusu walikuwa wamejichimbia katika ngome zao za udongo na handaki, kwanza Lumboko, kisha Chetambe, juu ya kilima karibu na mahali paitwapo sasa Webuye. Mikuki na ngao zilisimama mbele ya bunduki za bombomu. Watu wengi walikufa, na ng'ombe wakatekwa. Mwaka uliofuata na ule wa 1897 zamu ikawa ya Wajaluo wa Ugenya.

Mwenye kuandika sifa za Mumia angependa kupita hapa haraka. Lakini hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Askari waliopanda Chetambe hawakutumwa na msikiti. Walitumwa na serikali, walilipwa na serikali, na wangalitumwa popote pengine. Ila kwa Mbukusu aliyekimbia na watoto wake porini, yule askari alikuwa mtu aliyetoka Mumias, anayesali kama watu wa Mumias. Haishangazi basi kwamba Wamishonari wa Friends, walioanza kazi Kaimosi mwaka wa 1902, walipata wasikilizaji wengi kaskazini kuliko walimu wa Kurani, ingawa hawa wa pili walikuwa jirani zaidi na walitangulia kwa miaka mingi. Mumia alipata usalama wa mji wake. Da'wa ikapoteza milango ambayo ilichukua muda mrefu kufunguka, na mingine haijafunguka hata leo.

Mwezi wa Septemba 1897 jaribio lilikuja kwa njia nyingine. Wasudani walioamriwa kwenda safari ya Macdonald, wakiwa wamechoka, mishahara yao midogo na wake zao wameachwa nyuma, waliasi karibu na Ravine. Waliteremka kwa njia ya Wanandi na kupita nchi ya Wanga wakielekea Busoga, ambako katika ngome ya Luba waliwaua maofisa watatu wa Kiingereza. Walikuwa Waislamu, wenye haki katika mengi ya malalamiko yao, na kuna watu huko Buganda waliotumaini kwamba Waislamu wote watasimama nao. Mbogo, aliyekwisha kurudi kutoka Unguja, alikataa. Mumia naye hakujiunga nao. Wawili hao waliona kwamba jamaa wa dini moja si lazima wawe jeshi moja, na kwa uamuzi wao Waislamu raia wa nchi hizi waliepushwa na kisasi ambacho kingaliwaangukia wote.

Thawabu ya Mumia ilikuja polepole. Tarehe 1 Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilitolewa likatiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mpaka ukawatenganisha Wasamia na Wasamia, Wateso na Wateso, kama unavyowatenganisha leo Busia na Malaba. Mumia akabaki upande wa Kenya. Mwaka wa 1909 serikali ilimtangaza kuwa Chifu Mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini, na ndugu zake na watu wake wakawekwa kuwa machifu juu ya makabila ambayo hayakupata kutawaliwa na Wawanga: Mulama huko Marama, Murunga kwa Wabukusu. Kila mmoja alikuwa na askari wake wa kukusanya kodi ya nyumba na kutoa watu wa kazi ya barabara. Yale yaliyokuwa vita yakawa sasa kodi na kiboko, na manung'uniko yakageuka kuwa barua na mikutano. Watu walitaka machifu wa kabila lao. Hakuna aliyewalaumu kwa hilo, isipokuwa wale ambao vyeo vyao vilikuwa hatarini.

Reli ilikwisha kufika Kisumu mwaka wa 1901, na misafara ikakoma kupita Elureko. Ile ya pili, iliyojengwa katika miaka ya 1920 kupitia Eldoret na Tororo, iliupita mji wa Mumia mbali kaskazini. Mwaka wa 1920 makao ya serikali yalihamishwa kwenda Kakamega. Mwaka wa 1926 Mumia alistaafu, na ukuu ule haukupewa mwingine kama ulivyokuwa. Serikali ilikuwa imekwisha kupata machifu, polisi na barabara zake, wala haikuwa tena na haja ya mlango wa kuingilia.

Akaishi miaka mingine ishirini na mitatu, mzee sana, akiheshimiwa na kutembelewa. Aliwahi kuona matunda ya mwisho ya yale yaliyopandwa mwaka wa 1895. Mwaka wa 1947 Elijah Masinde, mwenye Dini ya Msambwa, aliwaongoza maelfu ya Wabukusu hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa pale miaka hamsini na miwili nyuma. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliupiga risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Uganda, wakafa watu kumi na mmoja. Masinde akakamatwa na kupelekwa Lamu. Safari hii askari hawakutoka Mumias, wala Nabongo hakuombwa watu wa kuongoza njia.

Nabongo Mumia alifariki mwezi wa Aprili 1949 akazikwa Matungu, walipozikwa wazee wake. Shitawa akarithi bangili. Mji ulibaki na jina la marehemu, na msikiti, na wajukuu wa watu wa misafara. Boma la serikali lilikuwa limekwisha hama miaka ishirini na tisa kabla ya siku hiyo.