Ernie Ladd, Paka Mkubwa aliyeijua bei yake

Ukikaa Kaplong siku mbili tu utajua kwamba vijana wa huku wanaipenda mieleka ya runinga. Hapa ndipo barabara ya kutoka Narok na Bomet inapokutana na ile ya Kericho iendayo Sotik na Kisii. Magari hayaishi kupita, na jioni watu wakitoka kuchuma majani chai hujaa hotelini, wakinywa chai ya maziwa huku wakiangalia majitu yakirushana ulingoni. Mimi, Mswahili wa Mombasa niliyeletwa huku na biashara, nimezoea kukaa nao. Wanamjua The Rock, wanamjua Roman Reigns. Wengi hawajui kwamba wote wawili walianza na mpira, The Rock katika Chuo Kikuu cha Miami na Reigns katika chuo cha Georgia Tech. Mimi huwaambia kabla ya hao alikuwepo Ernie Ladd, na leo nawaletea nyinyi wa nyumbani habari zake.

Mpira ninaousema si huu wetu wa Municipal Stadium. Ni ule wa Wamarekani, unaochezwa kwa mkono zaidi kuliko kwa mguu, mpira wenyewe umbo la yai, na wachezaji wamevaa kofia ngumu kama waendesha bodaboda wachache wenye adabu.

Ladd alizaliwa tarehe 28 Novemba 1938 huko Rayville, mji mdogo wa jimbo la Louisiana, akalelewa Orange, Texas. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito wa zaidi ya kilo 130, na juu ya hayo alikuwa mwepesi, hata akapachikwa jina la Paka Mkubwa. Alisoma Grambling, chuo cha watu weusi, na kilichompeleka huko kilikuwa ni mpira wa kikapu. Kocha Eddie Robinson alipomwona akamtia kwenye timu yake. Mwaka 1961 akachukuliwa na San Diego Chargers wa ligi ya AFL, ligi changa iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu na ikipimana ubavu na wakubwa wa NFL. Kazi yake ilikuwa kuuvunja ukuta wa wapinzani na kumwangusha mwenye mpira. Tarehe 5 Januari 1964 Chargers waliwafunga Boston Patriots 51 kwa 10 wakatwaa ubingwa.

Mieleka ilimjia kwa mzaha. Wanamieleka wa San Diego walimwita aje ajipime nao, wakitafuta habari za magazeti. Akaenda, akaonjeshwa mikazo ya watu wanaoijua kazi, na badala ya kukimbia akaomba kufundishwa. Msimu wa mpira ulikuwa wa miezi michache. Ukiisha, wenzake walitafuta vibarua au walikaa nyumbani, naye akawa anapanda ulingoni. Haikupita muda akaona kwamba mieleka inamlipa zaidi ya mpira.

Hapo ndipo ninapomheshimu mtu huyu. Mchezaji wa siku zile alikuwa amefungwa na klabu. Mkataba ukiisha, klabu bado ilikuwa na haki ya kumshika mwaka mmoja zaidi. Sid Gillman wa Chargers alikuwa kocha na wakati huohuo ndiye aliyeshika mfuko, kwa hiyo ukimdai nyongeza unamdai mtu yuleyule anayeamua kama utacheza Jumapili. Wengi walinyamaza. Ladd hakunyamaza, kwa sababu alikuwa na mlango wa pili. Alicheza mwaka wake wa mwisho 1965, akahamia Houston Oilers 1966, kisha Kansas City Chiefs. Watu wa Kaplong wanaielewa hadithi hii upesi kuliko mtu wa mjini. Wameziona mashine za kuchuma chai zikiingia mashambani, na wanajua mwenye kazi moja tu anavyolala usiku.

Lakini tusiruke Januari 1965. Mchezo wa nyota wa AFL ulipangwa New Orleans, mji mkubwa wa jimbo lile alikozaliwa Ladd, mji uliokuwa ukitamani kupewa timu yake. Sheria ya Marekani ya kukataza ubaguzi ilikuwa imetiwa saini Julai 1964, miezi sita tu nyuma. Wachezaji weusi 21 walifika. Teksi zikawapita kama hazikuwaona, kumbi zikawafungia milango, na mlangoni mwa klabu moja wakatolewa bastola. Wakakaa kikao hotelini. Palikuwa na hoja za pande zote mbili, maana kugoma kulikuwa ni kuhatarisha riziki. Mwisho wakakubaliana kuondoka, Ladd akiwa miongoni mwao, na ligi ikalazimika kuuhamishia mchezo Houston. Katika habari za michezo ya Marekani ni nadra kusikia wachezaji wakiuhamisha mchezo mzima kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Goti likamsumbua. Kufika 1969 akaachana na mpira kabisa. Januari 1970 Chiefs wakashinda Super Bowl bila yeye, na sijui kama lipo jambo la kumuuma mchezaji kuliko hilo. Hata hivyo, yeye alikuwa na pa kwenda.

Sasa mieleka yenyewe. Najua wako watakaosema ni uongo mtupu. Ni kweli mshindi hupangwa kabla. Lakini mtu wa kilo 130 akikuangukia, hakuna aliyempangia mbavu zako. Na katika mpango huo kila mmoja hupewa sura yake, mwema au mwovu. Mapromota wa wakati ule waliwapa watu weusi sura ya mwema, mtulivu, mpole, kama Bobo Brazil. Kumfanya mweusi mwovu mbele ya ukumbi wa Wazungu wenye hasira lilikuwa ni jambo la hatari. Ladd akaichagua sura hiyo mwenyewe. Alijisifu, aliwatukana wapinzani, alifunga bendeji kwenye kidole gumba na kuwadunga nayo kooni refarii akigeuka. Watazamaji walimzomea mpaka sauti zikawakauka, na wiki iliyofuata walikata tiketi tena. Alikabiliana na mabingwa wa New York, Bruno Sammartino, Pedro Morales na Bob Backlund. Alizozana miaka na Mfaransa André the Giant, mmoja wa watu wachache waliomlazimu kuinua shingo. Kwangu mimi ujasiri huo haupungui ule wa 1965. Mtu mweusi aliyeruhusiwa kuwa mpole tu bado hajawa huru.

Baadaye akaingia nyuma ya pazia. Bill Watts, aliyeendesha mieleka ya Louisiana na majimbo jirani, alimpa kazi ya kupanga mapambano, kazi ambayo mtu mweusi alikuwa hapewi. Huko akamlea Junkyard Dog, kijana mweusi aliyekuja kuwa kipenzi cha New Orleans. Katika ukumbi wa Superdome Wazungu na weusi walinunua tiketi kumshangilia.

Ladd alistaafu 1986, na 1995 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa WWF. Alikuwa rafiki wa familia ya Bush, jambo lililowakera baadhi ya waliompenda, na uzeeni akawa mhubiri.

Mwaka 2005 kimbunga Katrina kiliizamisha New Orleans. Maelfu ya watu, wengi wao weusi na maskini, walipelekwa Houston na kulazwa sakafuni katika uwanja wa Astrodome. Ladd tayari alikuwa na saratani ya utumbo mpana, na madaktari walikuwa wamempa miezi tu. Alikwenda Astrodome kuwahubiria na kuwafariji watu wa mji ule. Alifariki tarehe 10 Machi 2007 huko Franklin, Louisiana, akiwa na umri wa miaka 68.