Ernest Rutherford: Mtafiti na Mlezi wa Watafiti

Katika mazoezi ya kufundisha, walimu wanachuo wengi huanza somo la sayansi kwa kutoa majibu, kisha huwataka watoto wayakariri. Sisi wakufunzi hatuna budi kukiri kwamba mara nyingi tumewafundisha hivyo hivyo. Kwa hiyo tumeona yafaa tusimulie maisha ya Ernest Rutherford, ambaye kazi yake ilikuwa kulitafuta lile lisilojulikana bado.

Rutherford alizaliwa tarehe 30 Agosti 1871 karibu na mji wa Nelson, New Zealand, akiwa mtoto wa nne kati ya 12. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu na mkulima. Mama yake aliwahi kuwa mwalimu. Alisoma kwa misaada ya masomo. Ule uliompeleka Uingereza mwaka 1895 aliupata baada ya mshindi wa kwanza kuukataa. Huko Cambridge alifanya utafiti chini ya J. J. Thomson, aliyegundua elektroni mwaka 1897.

Mwaka 1898 alikwenda Montreal, Kanada, kuwa profesa. Akishirikiana na Frederick Soddy, alionyesha kwamba elementi zitoazo miale huvunjika zenyewe na kugeuka kuwa elementi nyingine. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba atomu haibadiliki kamwe. Mwaka 1904 alitoa kitabu juu ya jambo hilo, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Wakati huo alikuwa amekwisha hamia Manchester. Mwaka 1909 alimpa kazi Ernest Marsden, mwanafunzi wa miaka 20 ambaye hakuwa amemaliza shahada yake ya kwanza, aliyefundishwa vipimo na Hans Geiger. Kazi hiyo ilikuwa kuchunguza kama chembe za alfa zikipigwa kwenye bamba la madini huweza kurudi nyuma. Walikaa gizani wakihesabu vimetameta kwa hadubini. Wakaona kwamba takriban chembe moja katika kila 8,000 hurudi. Jambo hilo halikupatana na mafundisho ya siku zile, lakini Rutherford hakulitupa kama kosa la mwanafunzi. Alilitafakari hata mwaka 1911 akaeleza kwamba karibu uzito wote wa atomu umo katika kiini kidogo, ambacho upana wake haufiki sehemu moja ya 10,000 ya upana wa atomu nzima.

Mwaka 1919 alitangaza kwamba amefaulu kutoa protoni katika atomu za naitrojeni, na mwaka huo akarudi Cambridge kuongoza maabara ya Cavendish. Huko matunda ya malezi yake yalionekana. Mwaka 1932 James Chadwick aligundua nyutroni, na Cockcroft na Walton wakavunja kiini cha atomu kwa mashine. Wote watatu walipata Tuzo ya Nobel baadaye, kama alivyoipata Niels Bohr, aliyefanya kazi naye Manchester.

Hata hivyo, Rutherford naye alikosea. Mwaka 1933 alisema hadharani kwamba kutarajia nishati yenye manufaa kutoka katika atomu ni ndoto tupu. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1937. Mwaka uliofuata Otto Hahn, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake Montreal, pamoja na Fritz Strassmann, walifanya majaribio yaliyoonyesha kwamba kiini cha urani hupasuka. Kwa njia hiyo nishati ile ilipatikana, kwa heri na kwa shari.

Walimu wenzetu, tujifunze nini? Chukua sanduku dogo, tia ndani jiwe au gurudumu la kuchezea, ulifunge barabara. Waache watoto waliinamishe, walitikise, wasikilize, kisha waseme kilichomo kina umbo gani na kwa nini wanafikiri hivyo. Usilifungue kabla hawajatoa hoja zao. Na mtoto atakapotoa jibu ambalo hukulitarajia, usimkatize wala usilifute ubaoni. Mwambie ajaribu tena mbele ya wenzake. Marsden alikuwa mwanafunzi tu. Lau mwalimu wake angalimnyamazisha, kiini cha atomu kingalingoja mtu mwingine.