Michael Faraday, Mtoto wa Mhunzi

Ukisimama kando ya barabara kuu pale Runzewe, utaona malori mengi yakipita. Mengine yanakwenda Rwanda, mengine Burundi, mengine Kongo. Pikipiki za abiria nazo hazihesabiki. Karibu vyombo vyote hivyo vinakwenda kwa petroli au dizeli. Mafuta hayo yanatoka nchi za mbali. Yakishushwa Dar es Salaam, husafirishwa zaidi ya kilometa elfu moja kabla ya kutiwa katika tangi la pikipiki yako.

Siku hizi yako magari, malori na pikipiki ambazo hazitumii mafuta hayo. Ndani yake mna betri kubwa na mota ya umeme. Mjini Kigali zipo pikipiki za umeme zinazobeba abiria. Mwaka 2024 nchi ya Ethiopia ilikataza kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli. Mwaka huo huo treni yetu ya umeme ilianza safari kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha ikafika Dodoma.

Watu wengi hudhani kuwa mota ya umeme ni kitu kipya. Sivyo. Mwanzo wake una miaka zaidi ya 200. Tena mtu aliyeuonyesha ulimwengu mwanzo huo hakuwa tajiri, wala hakusoma shule kubwa. Alikuwa mtoto wa mhunzi maskini, na elimu yake aliipata kwa kusoma vitabu akiwa kazini. Soma habari za maisha yake.

UTOTO WA SHIDA

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, karibu na mji wa London, Uingereza. Baba yake, James, alikuwa mhunzi. Alifua chuma kwa moto na nyundo, kama walivyofanya Warongo zamani katika sehemu zetu hizi za Geita na Biharamulo. Lakini baba huyo alikuwa mgonjwa mara kwa mara. Siku alizoumwa hapakuwa na kazi, na pasipo kazi hapakuwa na chakula.

Mwaka 1801 chakula kilipanda bei sana. Inasimuliwa kwamba Michael alipewa mkate mmoja, akaambiwa ale huo wiki nzima. Alikuwa na umri wa miaka tisa.

Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Kisha ikambidi atafute kazi ili awasaidie wazazi wake. Alipokuwa na miaka 13 aliajiriwa na Bwana Riebau, mwenye duka la vitabu. Kazi yake ilikuwa kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba.

KAZI YA KUJALIDI VITABU

Bwana Riebau aliona kuwa kijana huyu ni mwaminifu. Baada ya mwaka mmoja alimchukua afundishwe kazi ya kujalidi vitabu, wala hakumdai ada. Kujalidi ni kushona kurasa za kitabu pamoja na kukitia jalada gumu. Mafunzo hayo yalichukua miaka saba.

Mafundi wengi hushona vitabu bila kuvisoma. Faraday hakuwa hivyo. Kazi ya mchana ilipokwisha, alivifungua vile vitabu alivyovishona akavisoma. Katika kitabu kimoja alikuta habari za umeme. Katika kingine, kilichoandikwa na mama mmoja aitwaye Jane Marcet, alikuta habari za kemia, yaani elimu ya vitu na jinsi vinavyobadilika. Alisoma polepole. Jambo ambalo aliweza kulijaribu, alilijaribu kwa mikono yake, akitumia chupa na vyuma vya bei rahisi.

Mwaka 1810 baba yake alifariki. Kaka yake, Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi, alimpa shilingi za kiingilio ili ahudhurie masomo ya jioni. Huko Faraday alikutana na vijana wengine wafanyakazi waliopenda elimu. Waliulizana maswali na kusahihishana maandishi, kama mnavyofanya ninyi katika darasa lenu.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mwanasayansi mkubwa wa Uingereza wakati ule. Faraday alihudhuria mara nne. Kila mara aliandika aliyoyasikia. Kisha akayaandika upya kwa mwandiko mzuri, akachora picha, akayajalidi yakawa kitabu kinene. Kitabu hicho alimpelekea Davy mwenyewe, akamwomba kazi.

Mara ya kwanza hapakuwa na nafasi. Baadaye msaidizi mmoja alifukuzwa kwa ugomvi. Mwezi Machi, 1813, Faraday aliajiriwa katika taasisi ya sayansi ya Davy. Aliosha vyombo na kutayarisha vifaa. Alikuwa na umri wa miaka 21.

WAYA UNAOZUNGUKA

Wakati ule umeme wa kupita mfululizo katika waya ulitoka katika betri. Betri ya kwanza ilikuwa imetengenezwa na Volta, mtu wa Italia, mwaka 1800. Mwaka 1820 mtu wa Denmark, Oersted, aliona jambo la ajabu. Umeme ulipopita katika waya, sindano ya dira iliyokuwa karibu iligeuka. Kumbe umeme una nguvu kama ya sumaku!

Wataalamu wengi walijiuliza: je, nguvu hiyo inaweza kuzungusha kitu? Septemba 1821 Faraday alipata jibu. Alichukua chombo akatia zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo hutumia kukamatia dhahabu. Katikati ya zebaki alisimamisha sumaku. Juu yake alining'iniza waya ambao ncha yake iligusa zebaki. Zebaki ni metali ya maji maji, kwa hiyo inapitisha umeme na haiuzuii waya usogee. Alipounganisha betri, waya ulianza kuizunguka sumaku, ukazunguka bila kusimama.

(Wewe usijaribu jambo hili nyumbani. Zebaki ni sumu. Mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu.)

Hapo ndipo mota ya umeme ilipoanzia. Lakini furaha ya Faraday haikudumu. Watu walimsingizia kwamba ameiba wazo la mtaalamu mwingine. Mwaka 1823, alipopendekezwa kuingia katika chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, Davy mwenyewe alimpinga. Yule aliyemwinua sasa alitaka kumzuia. Faraday aliumia moyoni, lakini hakumtukana wala hakuacha kazi. Wanachama walimpigia kura, akakubaliwa.

MIAKA KUMI YA KUTAFUTA

Faraday alikuwa na swali jingine. Ikiwa umeme unaweza kuleta nguvu ya sumaku, je, sumaku haiwezi kuleta umeme? Alijaribu mara nyingi katika miaka kumi, akashindwa.

Tarehe 29 Agosti, 1831, aliona dalili ya kwanza. Mwezi Oktoba alifanya jaribio rahisi sana. Alizungusha waya mara nyingi ukawa kama bomba. Kisha akaingiza sumaku ndani ya bomba hilo. Sindano ya kupimia umeme ikacheza! Aliposimamisha sumaku, sindano ilitulia. Alipoitoa, sindano ilicheza tena. Hapo alielewa kwa nini alishindwa siku zote. Sumaku iliyotulia haitoi umeme. Lazima kitu kiende: ama sumaku, ama waya.

Ndugu msomaji, labda umeiona dinamo ya baiskeli. Gurudumu likizunguka, taa inawaka. Baiskeli ikisimama, taa inazimika. Hiyo ndiyo kanuni ya Faraday. Pale Rusumo, maji ya Mto Kagera huzungusha mitambo mikubwa kwa kanuni hiyo hiyo. Kituo hicho cha megawati 80 kilianza kuzalisha umeme mwaka 2023, nao hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Sehemu yetu hupita katika nyaya zinazofika Nyakanazi, si mbali na Runzewe.

HESHIMA NA UZEE

Faraday angeweza kutajirika. Wenye viwanda walitaka kumlipa vizuri kwa ushauri wake. Lakini aliachana na sehemu kubwa ya kazi hizo ili apate muda wa kutafiti. Alikataa cheo cha heshima ambacho kingemfanya aitwe Sir. Alikataa pia kuwa rais wa chama kikuu cha wanasayansi. Alikuwa mcha Mungu, na aliishi kwa unyenyekevu na mkewe, Sarah. Hawakujaliwa watoto.

Jambo moja hakulikataa: kufundisha. Kwa miaka mingi, wakati wa Krismasi, aliwafundisha vijana mambo ya sayansi kwa maneno rahisi. Aliweza kutumia mshumaa mmoja kueleza mambo mengi.

Hesabu za juu hakuzijua kamwe. Kijana wa Scotland, James Clerk Maxwell, ndiye aliyeyageuza mawazo yake kuwa hesabu. Katika uzee Faraday alianza kusahau sana, mpaka akashindwa kufanya kazi. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1867, akiwa na miaka 75. Alizikwa bila makeke, kama alivyotaka.

KAZI YAKE BARABARANI

Baada ya Faraday, mafundi wengine walitengeneza mota zenye nguvu. Mwaka 1859 Mfaransa Planté alitengeneza betri inayoweza kuchajiwa tena. Basi magari ya umeme yakawezekana. Mwaka 1899 gari la umeme lilikimbia zaidi ya kilometa 100 kwa saa huko Ufaransa. Mwaka 1900 nchini Marekani, zaidi ya gari moja katika kila magari manne yaliyotengenezwa lilikuwa la umeme.

Mbona basi petroli ilishinda? Betri zilikuwa nzito na hazikufika mbali. Petroli ilikuwa rahisi, na tangi lilijaa kwa dakika chache. Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza gari la petroli ambalo watu wengi waliweza kulinunua. Mwaka 1912 magari ya petroli yalianza kuwashwa kwa stata badala ya kuzungushwa kwa mkono. Na stata ni nini? Ni mota ya umeme! Kwa hiyo hata gari la petroli linahitaji kazi ya Faraday ili liwake.

Mwaka 1991 betri za lithiamu zilianza kuuzwa huko Japani. Ni nyepesi, na zinahifadhi umeme mwingi. Betri ya simu yako ni ya aina hiyo. Betri hizo ndizo zilizoyarudisha magari ya umeme barabarani.

Mota ina faida kubwa. Katika kila lita nne za petroli, ni nguvu ya lita moja hivi tu inayosukuma gari. Nyingine hupotea kuwa joto. Mota ya umeme hutumia vizuri karibu sehemu tisa katika kumi za umeme inaoupata. Tena haina plagi, pistoni wala ringi.

Lakini tusidanganyane. Betri ni ghali. Kuchaji huchukua muda mrefu kuliko kujaza mafuta. Lori zito la safari ndefu linahitaji betri kubwa na nzito mno. Na umeme ukikatika, chombo chako hakichajiwi. Kwa hiyo petroli na dizeli hazitatoweka Runzewe kesho asubuhi.

JE, SISI TUFANYE NINI?

Fundi wa pikipiki anayeishi kwa kubadilisha plagi, oili na ringi anapaswa kulifikiria jambo hili mapema. Pikipiki ya umeme haitamletea kazi hizo. Itamletea nyaya, mota na betri. Asiyejua mambo hayo ataona wateja wakimpita. Tena betri kubwa ya gari inaweza kuua mtu kwa umeme wake. Usiifungue kabla hujafundishwa.

Mkulima, mchimbaji na mama lishe nao wanahusika, maana nauli na bei ya bidhaa hufuata bei ya mafuta. Hata madini yanahusika. Kule Kabanga, wilaya ya Ngara, kuna nikeli, na nikeli hutumika katika betri nyingi za magari. Ni vizuri tuijue thamani yake kabla wengine hawajatueleza.

Faraday alianza kwa kusoma kitabu kilichokuwa mikononi mwake kazini. Hakungoja apate shule kubwa. Aliyoyasoma aliyajaribu, aliyoyasikia aliyaandika, na alipokwama aliuliza wenzake. Njia hizo tatu hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji mtu anayejua kusoma na kuandika, na wewe sasa unajua.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Faraday alijifunza kazi gani kwa Bwana Riebau? Kazi hiyo ilimsaidiaje?
2. Kwa nini sindano ilitulia sumaku iliposimama?
3. Taja sababu mbili zilizofanya petroli ishinde umeme zamani.
4. Katika kijiji chenu, nani atapata faida pikipiki za umeme zikiwa nyingi? Nani atapata hasara? Afanye nini?