Askofu Luwum na kaburi tupu la Namirembe

Wadau, kila tukianza kubishana nani Mkristo kweli na nani wa Jumapili tu, mimi namkumbuka Janani Luwum. Alizaliwa 1922 kule Mucwini, Kitgum, akaokoka 1948 akiwa mwalimu, na 1974 akawa Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda. Wakati huo Idi Amin keshashika nchi, watu wanapotea hovyo.

Luwum alikuwa akienda mwenyewe kuwaulizia waliokamatwa. Wapo waliomlaumu eti kajisogeza mno kwa wakubwa. Mimi naona alifuata watu wake, basi.

Februari 1977 wanajeshi wakavamia kwake usiku kutafuta silaha, wakaambulia patupu. Jamani, mimi ningevuka mpaka usiku uleule! Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua kulalamikia mauaji, na majina yao wakaweka.

Tarehe 16 akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Mwili ulipofika Mucwini, wanakijiji wakafungua jeneza wakakuta matundu ya risasi.

Namirembe walishamchimbia kaburi. Mwili hawakuletewa, lakini waumini walijaa vilevile, wakaimba mbele ya shimo tupu, na Amin bado yuko madarakani.