Huyu Gossage alikuwa nani, na kombe letu lilimhusu nini?

Kama unachezea timu ya mtaa, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, mambo ya jezi unayajua. Mwaka wa uchaguzi zinaletwa mpya, jina la mheshimiwa mgongoni ni kubwa kuliko namba, na kombe lenyewe linaitwa jina lake. Uchaguzi ukipita, jezi inakuwa kitambaa cha kuoshea pikipiki.

Sasa ukidhani mchezo huo wameuanzisha wanasiasa wetu, hebu keti kidogo. Kuna mtu aliitwa William Gossage. Kwa miaka 40 kombe kubwa kabisa la soka Afrika Mashariki lilibeba jina lake. Muulize mzee yeyote wa mtaani aliyekuwa akifuata mpira zamani, Gossage atakutajia. Lakini muulize Gossage mwenyewe alikuwa nani, uone atakavyokutazama.

Jibu ni kwamba alikuwa fundi wa sabuni. Na kombe lilipoanza, alikuwa kaburini kwa miaka 49.

Alizaliwa 1799 huko Burgh le Marsh, kijiji cha Uingereza, kitindamimba wa watoto 13. Ukizaliwa wa 13 hungoji urithi. Akiwa na miaka 12 tu alipelekwa mji wa Chesterfield kufanya kazi kwenye duka la dawa la jamaa yake. Huko ndiko alikojifunza kemia, na Kifaransa juu yake, maana Wafaransa walikuwa mbele sana kwa mambo hayo. Mwaka wa 1823 akasajili ubunifu wake wa kwanza: kengele ndogo ya kufungwa kwenye saa ili ikuamshe. Yaani ile kazi simu yako inakufanyia kila asubuhi nawe unaizima, jamaa alikuwa akiiwaza miaka 200 iliyopita.

Akahamia Leamington, mji wenye chemchemi ambazo matajiri waliamini maji yake ni dawa. Yeye akauza chumvi ya maji hayo. Hasla tupu.

Kisha akaingia kwenye kazi kubwa, kutengeneza magadi. Sisi tuna Ziwa Magadi, unachota tu. Wazungu wakati ule walikuwa wakiyapata kwa kupika chumvi ya kawaida na tindikali, halafu chokaa na makaa ya mawe. Viwanda vya vioo na sabuni viliyataka mno. Shida ilikuwa ile gesi iliyotoka kwenye bomba la moshi. Ilikuwa tindikali yenyewe inayoelea hewani. Miti ilikauka, mimea ikaungua, majirani wakakohoa na kwenda kushtaki. Kama una watu wako Owino Uhuru kule Mikindani, sina haja ya kukufafanulia jinsi kiwanda kinavyoweza kuwa jirani mbaya.

Hapa ndipo Gossage ananivutia kweli. Alichukua kinu cha upepo kilichoachwa, akakijaza matawi ya miti, akawa anamwaga maji kutoka juu huku ile gesi ikipandishwa kutoka chini. Maji yakiteremka kwenye matawi yanakutana na gesi na kuimeza. Basi, hivyo tu. Alisajili mnara huo mwaka wa 1836. Wenye viwanda wengi hawakujali mpaka serikali ilipowabana kwa sheria ya 1863, iliyowataka wazuie asilimia 95 ya gesi hiyo. Mwaka huohuo wa 1863, waungwana wa London walikutana kwenye baa wakaunda FA, chama cha kwanza cha soka duniani. Gossage alikuwa mzee wa miaka 64.

Usimfanye malaika lakini. Yale maji ya tindikali yalikuwa yakimwagwa mitoni. Na huko Widnes, alikohamia 1850 baada ya kuhangaika na madini ya risasi na shaba, viwanda vya magadi viliacha milima ya taka iliyonuka kama mayai viza.

Sabuni ilimjia kwa bahati na akili. Serikali iliondoa kodi ya sabuni 1853, halafu Vita vya Crimea vikafanya mafuta ya wanyama kuwa adimu na ghali. Gossage akatumia mawese, akayachanganya na dawa iliyopatikana kwa kuyeyusha mchanga pamoja na magadi. Ikatoka sabuni ya bei ya chini ambayo hata mtu wa kipato kidogo angeimudu. Ile yake yenye mabaka ya buluu ilipewa nishani kwenye maonyesho ya London, 1862. Alifariki 1877, na jina lake likaendelea kusafiri kwenye makasha ya sabuni hadi ng'ambo.

Baadaye kampuni yake ikaangukia mikononi mwa Lever Brothers. Na 1926, Kenya na Uganda zilipoanza kushindania kombe, lilitolewa kwa jina la Gossage. Kenya ikawa ya kwanza kulibeba. Hesabu yake si ngumu: watu wengi uwanjani, jezi zimejaa vumbi, na wewe unauza sabuni. Wachezaji walikuwa watu wa ridhaa, hawakulipwa mshahara wa mpira. Mwaka wa 1929 Lever Brothers ikaungana na kampuni ya Waholanzi ikawa Unilever, na hiyo unaijua. Igeuze paketi ya Omo uone.

Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar ikafuata baadaye. Uhuru ukaja, bendera zikabadilishwa, lakini jina la sabuni likabaki. Mwaka wa 1965 Feisal ya hapa kwetu Mombasa ilitwaa ligi ya Kenya, taji ambalo Pwani haijalirudisha nyumbani hadi leo, na wakati huo timu ya taifa bado ilikuwa ikipigania kombe la Gossage. Nikifikiria hilo huona uchungu kidogo. Feisal kwa vijana wengi wa leo ni jina geni, ila la muuza sabuni wazee wanalitaja bila kukwama.

Mwaka wa 1967 ndipo lilipoondolewa, likaitwa Kombe la Challenge, na tangu 1973 ni lile la CECAFA. Jengo la kiwanda cha Gossage bado limesimama Widnes. Siku hizi ni makumbusho ya kemia.