Brown-Séquard: mzaliwa wa Mauritius aliyefungua siri ya tezi za juu ya figo

Anayechinja mbuzi Musoma, Bunda au Butiama anaweza kuziona: tezi mbili ndogo zilizojificha kwenye mafuta, karibu na figo. Binadamu pia anazo, lakini hadi katikati ya karne ya 19 kazi yake haikujulikana. Mmoja wa waliofungua njia ni Charles-Édouard Brown-Séquard.

Alizaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817. Baba yake, nahodha kutoka Marekani, alipotelea baharini kabla yeye hajazaliwa. Mama yake, mwenye asili ya Ufaransa, alimlea kwa kazi ya kushona. Mwaka 1838 alikwenda Paris, akahitimu udaktari mwaka 1846. Kipindupindu kilipoikumba Mauritius mwaka 1854, alikuwa huko akitibu wagonjwa.

Mwaka 1855 Thomas Addison wa London alieleza ugonjwa wa watu waliodhoofika na ngozi zao kuwa nyeusi zaidi, huku tezi hizo zikiwa zimeharibika, mara nyingi kwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata Brown-Séquard aliwaondolea tezi zote mbili wanyama kadhaa, wakiwamo sungura na mbwa. Walikufa upesi. Akahitimisha kwamba bila tezi hizo hakuna uhai.

Wapinzani walimjibu kwa panya weupe, kwani baadhi waliishi. Baadaye ilibainika kuwa panya wengine wana vipande vya ziada vya tezi hiyo mwilini. Panya asiyebaki na kipande chochote hukosa kortikosteroni, homoni yake kuu ya msongo. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, haipati tena ishara ya kuizuia, hivyo huzidisha homoni ya kuziamsha tezi ambazo hazipo. Mwili pia hupoteza chumvi, ndiyo maana watafiti humpa maji ya chumvi.

Mwaka 1878 alirithi nafasi ya Claude Bernard katika Collège de France. Mwaka 1889 alijidunga maji ya korodani za wanyama, akidai yamemrudishia nguvu, na wengi wakamcheka. Alifariki Paris, Aprili 1894.

Somo lake bado linaokoa maisha. Anayemeza prednisoloni kwa muda mrefu, tezi zake hulala. Akiacha dawa ghafla anaweza kuishiwa nguvu, shinikizo la damu likashuka, hata akafa. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.