Ansel Adams: Mpiga picha aliyeligeuza anga kuwa jeusi

Msikilizaji, chukua picha ya mlima uliyopiga kwa simu saa sita mchana, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mara nyingi hutoka kijivu kitupu, kama jivu la jikoni. Mlima na anga vinafanana. Jambo hilohilo lilimkabili kijana mmoja wa Marekani karibu miaka 100 iliyopita.

Ansel Adams alizaliwa San Francisco tarehe 20 Februari 1902. Alikuwa na miaka minne tu pale tetemeko kubwa la 1906 lilipoupiga mji huo. Mtikisiko wa baadaye ulimtupa chini, pua ikavunjika na ikabaki imepinda maisha yake yote. Shule haikumfaa, akasomea nyumbani na kujifunza piano kwa bidii. Mwaka 1916 wazazi wake walimpeleka Yosemite, bonde lenye majabali marefu huko California, wakampa kamera ndogo ya Kodak. Tangu hapo alirudi kila mwaka.

Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda mlima akiwa na mchumba wake Virginia na marafiki, mgongoni amebeba kamera nzito na mabamba 12 ya kioo yaliyopakwa dawa ya picha. Simu za kupigia picha hazikuwepo, bamba likiharibika, limeharibika. Alipofika mbele ya jabali la Half Dome alibakiwa na mabamba mawili tu.

La kwanza alilipiga akiwa ameweka kioo cha njano mbele ya lenzi. Mara akatambua kwamba anga lingetoka hafifu na jabali lingekosa uzito wake. Likabaki bamba moja. Akaweka kioo chekundu sana, akapiga. Kioo chekundu huzuia mwanga wa buluu, kwa hiyo anga la buluu likatoka karibu jeusi, na theluji ikang'aa. Picha hiyo ndiyo iliyomjengea jina.

Siku hizi kazi ya kile kioo imo ndani ya simu. Katika programu nyingi za kuhariri, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha tafuta sehemu ya rangi na upunguze buluu. Anga litaingia giza, mengine yatabaki karibu kama yalivyokuwa. Ndipo uongeze utofauti wa weusi na weupe, kidogo kidogo. Wanaoanza wengi huvuta mpaka mwisho, na bibi aliyekaa kivulini anabaki macho na meno tu! Adams alilikwepa hilo. Yeye na mwenzake Fred Archer waligawa mwanga katika ngazi 11, kutoka 0 ya weusi mtupu hadi 10 ya weupe mtupu, ili kila kitu kipewe ngazi yake.

Mwaka 1941, kijijini Hernandez, New Mexico, aliona mwezi juu ya makaburi yenye misalaba myeupe, jua likizama. Kipima mwanga hakikuonekana, basi akakadiria kwa kuukumbuka mwangaza wa mwezi. Alipojiandaa kupiga ya pili, mwanga ulikuwa umeondoka kwenye misalaba. Kwa miaka mingi aliirudia ile moja katika chumba cha giza, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kulitia anga weusi. Kwa hiyo kuhariri si udanganyifu wa zama za simu, kama wengine wanavyodai.

Mwaka 1943 aliwapiga picha Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa katika kambi ya Manzanar wakati wa vita. Kitabu chake cha mwaka uliofuata kiliwaudhi baadhi ya Wamarekani. Picha hizo baadaye aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani.

Adams alifariki tarehe 22 Aprili 1984, akiwa na miaka 82. Mwaka uliofuata, mlima mmoja wa Yosemite ulipewa jina lake.